Paa Lisiloegemea Ukuta

Ngwali Mmanga wa Gombani alianguka kutoka juu ya paa la chuo cha Kurani huko Vitongoji wakati akimwambia mwenziwe aangalie asianguke. Mwenziwe hakuanguka. Ngwali alivunjika nyonga, akalazwa hospitali wiki saba, na alipotoka mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa kidole gumba. Alipima mwenyewe, kwa tepu.

Siku aliyorudi nyumbani, mkewe Siti alimkalisha kitandani, akamwekea mto mgongoni, akampa uji, akangoja aumalize.

"Baba Ummi, nisikilize. Ukipanda tena juu ya paa, mie narudi kwetu Makangale."

"Sawa."

"Sisemi kwa hasira."

"Naona."

Na hilo ndilo lililomtia hofu. Siti akisema jambo kwa hasira, huwa limekwisha kabla chai haijapoa. Akisema taratibu, kama anayesoma barua, basi ameshakata shauri.

Ngwali alikuwa ameezeka nyumba kwa miaka thelathini na mmoja na hakuwa na kazi nyengine mkononi. Akaanza kuchonga mbuzi za kukunia nazi, kwa sababu mbuzi huchongwa mtu kakaa. Mwaka wa kwanza alichonga arubaini na mbili. Kila nyumba ya Gombani iliyokuwa na haja ya mbuzi ikapata, na kwa kuwa mbuzi ya Ngwali haivunjiki, hakuna aliyerudi kutaka ya pili. Akahamia vigoda, ikawa yale yale. Mwaka wa nne alikuwa akikaa barazani asubuhi nzima akiyatazama mapaa ya jirani, akimwambia Siti lipi limepigwa misumari na mtu mvivu. Siti alikuwa akisuka ukili na kusema "Ehe."

Masika ya mwaka jana, paa la banda la gari la Bi Kamla likaanguka.

Bi Kamla ndiye Kamlaben, mjane wa Devji, aliyekuwa na duka la vitambaa Chake Chake. Nyuma ya nyumba yake kuna banda la matofali ya kuchoma ambayo baba mkwe wake aliyaleta kwa jahazi kutoka Tanga, kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda kuwa na kitu ambacho wengine hawana. Alilijenga refu, futi kumi na mbili hadi kwenye paa, ili lori lake liingie na magunia ya karafuu juu. Lori lilikwisha zamani. Siku hizi mlikuwa na gari, Pijo ya marehemu Devji, ambayo magurudumu yake yalikuwa hayajazunguka kwa miaka ishirini. Devji hakuwa akiiendesha. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikwenda kukaa ndani yake, akafungua redio, akasikiliza taarifa ya habari, kisha akarudi ndani kulala. Bi Kamla alipenda kusema kuwa ndoa yao ilidumu miaka arubaini na tisa kwa sababu ya gari ile.

Mtu wa kwanza kuitwa alikuwa Hudhaifa, kijana aliyesomea ujenzi Unguja na mwenye kofia ya plastiki ya njano. Alizunguka banda mara mbili, akalipiga picha, akasema kuta zote mbili zimekwisha, ukuta wa mashariki umelala nje, hazibebi hata kikapu. Libomolewe lote, lijengwe la bloku.

"Na gari?" Bi Kamla akauliza.

"Gari itolewe."

"Haitoki. Inasambaratika ukiigusa."

"Basi, mama, ibomolewe nayo."

Bi Kamla akamshukuru, akampa chai na mkate wa mofa, akamsindikiza hadi mlangoni. Kisha akatuma salamu Gombani.

Ngwali alikwenda na fimbo yake na timazi mfukoni, ile kamba yenye uzito ya kupimia unyoofu wa ukuta. Siti alikwenda naye. Hakualikwa, lakini alivaa buibui wakati Ngwali akivaa viatu, wakatoka pamoja. Ngwali akasimama ndani ya banda, mbingu ziko wazi juu yake, mabati ya zamani yamekunjamana juu ya Pijo kama karatasi. Akaupima ukuta wa mashariki kwa timazi. Ulikuwa umeinama kuelekea kichochoroni kwa vidole sita. Akaupima wa magharibi, vidole viwili, kuelekea uani kwa jirani, Bi Zulekha. Matofali yenyewe yalikuwa mazuri. Kilichoyashika ni udongo na chokaa kidogo, na ule udongo ulikuwa umeshachoka. Alipouchokoa kwa msumari ulimwagika kama unga wa muhogo.

Akatazama ncha za mbao za paa la zamani zilizobaki juu ya ukuta. Akatazama muda mrefu.

"Bi Kamla, nani aliyekata mbao zilizokuwa zikipita huku, kutoka ukuta huu hadi huu?"

"Baba mkwe wangu. Magunia yalikuwa yakigonga."

"Ngapi?"

"Zote."

Ngwali akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyepata jibu la jambo lililomsumbua tangu ujana. Akamweleza. Paa lina miguu miwili kama mtu aliyesimama amejipanua. Ile mbao ya chini ndiyo inayoifunga miguu isiteleze. Ukiikata, paa linakaa likizisukuma kuta nje, kila siku kidogo, mchana na usiku. Limezisukuma hivyo miaka sitini. Lilipozisukuma vya kutosha, likakosa pa kukanyaga, likashuka.

"Kwa hiyo ukuta hauna kosa," alisema Bi Kamla.

"Hauna. Lakini ndio umeshaharibika."

"Fundi, mie sitaki ukuta. Nataka gari isinyeshewe."

Ngwali alilipenda neno hili kuliko yote aliyoambiwa na mteja katika maisha yake. Wateja wengi hawajui wanachokitaka, na wanaojua wanataka mabati ya rangi. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akachora mchangani kwa fimbo. Nguzo nane ndani ya banda, nne kila upande, shubiri moja kutoka ukutani, zisiuguse. Chini ya kila nguzo, zege na kikombe cha chuma, ili mti usikae udongoni na kuliwa na mchwa. Juu ya nguzo, kila upande, ulale mti mrefu ambao mafundi wa zamani waliuita mtambaapanya, kwa sababu ndiyo njia ya panya. Juu yake kenchi saba, na kila kenchi na mbao yake ya chini, isiyokatwa na mtu yeyote kwa sababu ya magunia. Na kutoka kila nguzo kwenda juu, mbao za mshazari, ili paa lisiyumbe upepo ukija.

"Na ukuta?" Bi Kamla akauliza.

"Ukuta sitaugusa. Ukitaka kusimama usimame, ukitaka kuanguka uanguke. Paa halitajua."

Siti, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Na juu atapanda nani?"

Ngwali akaendelea kuutazama mchoro.

"Jabir," akasema.

Jabir alikuwa mdogo wake Siti, mtu wa miaka arubaini na tano, mchumaji karafuu wa Makangale. Hakuna mkarafuu uliomshinda. Alikuwa akipanda kwenye vitawi ambavyo ndege hufikiria mara mbili, akichuma huku akisimulia. Karafuu mwaka ule zilikuwa chache na hana kazi. Kwamba hajawahi kushika nyundo, Ngwali aliona ni jambo dogo. Nyundo ataishika Jabir na akili itakuwa chini.

Wakakata shauri hivyo. Kila asubuhi Siti alikuja na kigoda, kimoja kati ya vile vya mumewe, akakiweka penye kivuli cha mlango, akakaa na ukili wake. Hakuwa akisema kitu. Alikuwa akiangalia miguu ya Ngwali.

Miti ya mvinje ilikuja kutoka kaskazini na kibali chake. Ngwali akaipaka oili chafu siku mbili mfululizo, hata Siti akasema nyumba nzima inanuka karakana. Moja katika nguzo ikaangukia palipokuwa na pua ya Pijo. Ngwali alihesabu upya mara tatu, pua ikabaki pale pale. Wakaitwa wanaume wanane wa mtaani, wakaibeba gari kama wanavyobeba jeneza, kila mmoja akisema "taratibu, taratibu," wakaisogeza hatua moja nyuma. Bi Kamla alikuwa mbele akiwaongoza kwa mikono. Kioo kimoja cha taa kilianguka. Akakiokota, akakifuta kwa upande wa sari, akakiweka juu ya kiti cha dereva.

Kichochoroni Ngwali alifunga kamba mwanzo na mwisho, mtu asipite. Watu walilalamika. Njia ile ilikuwa ya mkato kwenda sokoni. Hudhaifa, aliyepita siku moja kuona mambo yanakwendaje, alisema kamba ni kupita kiasi, ukuta kama ule unaweza kukaa hivyo miaka mitano.

"Inawezekana," alisema Ngwali, akakaza fundo.

Nguzo zilisimama. Mitambaapanya ikalala. Ilipofika kwenye kenchi, tabu ikaanza. Jabir hakuwa na hofu hata chembe, na mtu asiye na hofu juu ya paa hana haraka ya kupigilia vizuri. Kenchi ya tatu aliiweka imeinama kidogo kuelekea kusini. Ngwali aliiona kutoka chini.

"Ilete kwangu kidole kimoja."

"Kidole gani?"

"Cha kawaida, Jabir!"

"Imefika, shemeji."

"Umeipeleka, hukuileta."

Walikwenda hivyo hadi jua likawa utosini. Ngwali shingo ikamuuma. Akatupa fimbo, akauweka mguu wake wa kulia kwenye kidato cha kwanza cha ngazi.

Siti akaacha kusuka.

"Hii ni ngazi," alisema Ngwali bila kugeuka. "Ulisema paa."

"Ngazi inakwenda wapi?"

"Sijafika inakokwenda."

Siti akalifikiria hilo. Alikuwa mwanamke wa haki. Bi Kamla, aliyekuwa ameleta chai, naye akaulizwa, akasema kwa maoni yake ngazi huwa ngazi mpaka mtu apite nusu yake. Jabir kutoka juu akasema hata yeye anaona hivyo. Siti akasema hakuulizwa. Mwisho walikubaliana kidato cha tatu. Kuanzia siku hiyo Ngwali alifanya kazi yake yote kutoka kidato cha tatu, amekumbatia ngazi, akielekeza kwa kidevu, na kenchi zilizobaki zikakaa sawasawa.

Siku ya mabati, mvua ilikuwa imenyesha siku mbili na asubuhi ile imekatika. Jabir alipigilia bati baada ya bati, na kila pigo la nyundo lilisikika mpaka barabarani. Ngazi ilikuwa mbali, upande wa mlangoni, kama Ngwali alivyoagiza. Lakini ilipobaki safu ya mwisho, Jabir aliona ni kuzunguka bure. Alishuka kunywa maji, akaihamisha ngazi, akaiegemeza kwa nje kwenye ukuta wa mashariki, ndani ya ile kamba, akapandia huko. Ngwali alikuwa amekwenda kusali Adhuhuri. Aliporudi akasikia nyundo juu, akatafuta ngazi, hakuiona.

"Jabir, ngazi iko wapi?"

"Huku kichochoroni, shemeji. Karibu zaidi."

Ngwali alikuwa bado hajafungua mdomo, ukuta, udongo wake umelowa mvua, ukaondoka.

Haukuanguka kwa kishindo kama watu walivyosimulia baadaye. Ulijikunja kwanza katikati, kama mtu anayetaka kukaa, kisha ukalala wote kichochoroni kwa sauti ya gunia la makaa linalomwagwa. Vumbi jekundu likapanda, likaingia kila mahali. Ngwali alisimama katikati ya banda ameshika nguzo. Aliisikia mikononi mwake. Ilitetemeka mara moja, ikatulia. Alikaa akingoja itetemeke tena. Haikutetemeka.

Vumbi liliposhuka, banda lilikuwa na ukuta mmoja na paa zima. Mbao za mshazari zilikuwa zimekaza. Mtambaapanya haukutoka mahali pake. Kichochoroni hapakuwa na mtu, ila ngazi, chini ya matofali, vipande vitatu.

Siti alikuwa amesimama, ukili umeanguka.

"Jabir!" akaita.

Akaita tena.

"Jabir, mdogo wangu, uko hai?"

"Niko," sauti ikasema kutoka juu. Ilikuwa sauti nyembamba ambayo Siti hakuwa ameisikia tangu walipokuwa watoto.

"Shuka basi."

"Siwezi."

Alikuwa amelala kifudifudi juu ya mabati, mikono imepanuka, ameng'ang'ania kichwa cha msumari. Miaka thelathini kwenye mikarafuu hakuna mti uliowahi kuondoka ubavuni mwake. Wakambembeleza. Bi Kamla akamwambia kuna chai. Jirani mmoja aliyevutwa na kelele akasema waite watu wa zimamoto. Jabir akasema kila anapofumbua macho anaona ukuta unaondoka, na anaomba wamwache hapo kwa sasa.

Siti alimgeukia mumewe. Uso wake ulikuwa na vumbi jekundu, na michirizi miwili.

"Panda," alisema.

"Mama Ummi, ulisema…"

"Najua nilichosema. Panda umlete."

Hapakuwa na ngazi nyengine karibu. Ngwali aliiangalia Pijo, akaiangalia nguzo iliyo pembeni yake, na mbao ya mshazari juu, na tundu lililobaki paani, mahali pa bati la mwisho. Akamtazama Bi Kamla.

"Vua viatu," alisema Bi Kamla.

Akavua. Akapanda juu ya pua ya gari, kisha juu ya paa lake, likabonyea kidogo na kurudi. Mguu mfupi ukauma, mguu mrefu ukamvuta. Akakanyaga mbao ya mshazari, akaukamata mtambaapanya, akajiinua, kichwa kikatokeza juu ya mabati, kisha kifua, kisha yeye mzima. Alikuwa hajaona Chake Chake kutoka juu kwa miaka minne. Aliona mnazi mmoja mpya na misikiti ile ile. Moyo ulimwenda mbio na hakujua kama ni hofu au ni furaha, wala hakutaka kujua.

Akajisogeza kwa makalio hadi kwa Jabir, akakaa karibu naye, akamwekea mkono mgongoni.

"Umeona lilivyosimama?" alimwambia.

"Sioni kitu, nimefumba macho."

"Limesimama. Hili umelipigilia weye. Ukuta umekwenda, weye upo. Lingekuwa linategemea ukuta, saa hizi tungekuwa tunakuchimbua."

Jabir alipumua. Baada ya muda akafumbua jicho moja. Ngwali hakumharakisha. Walikaa pale, na kwa kuwa walikuwa wamekaa na nyundo iko hapo, Ngwali akaona misumari minne iliyoachwa nusu. Akaipiga.

"Baba Ummi!" sauti ya Siti ikatoka chini. "Nimekwambia umlete ndugu yangu, sikukwambia upige misumari!"

"Ndiyo naja."

Akapiga na wa tano. Kisha akamteremsha Jabir kwa njia ile ile, mguu kwa mguu, akimwambia pa kukanyaga, mpaka nyayo za Jabir zikafika kwenye paa la Pijo na Bi Kamla akasema taratibu.

Jioni ile Siti alifunga nguo zake katika mkoba. Ngwali alimtazama.

"Si weye uliyeniambia nipande?"

"Ni mie. Na mie ndiye niliyesema nitakwenda kwetu. Yote nimeyasema mie."

Asubuhi aliondoka na Jabir, ambaye naye alikuwa na haja ya kukaa Makangale siku chache akiangalia ardhi. Ngwali alikaa peke yake siku tatu, akala mihogo ya kuchemsha kwa sababu ndiyo aliyoijua kupika. Siku ya nne Siti alirudi na kikapu cha majimbi, akauliza kwa nini sufuria imeungua, na jambo lile halikuzungumzwa tena. Kuhusu mapaa yajayo hakusema ndiyo wala hapana. Ngwali, kwa upande wake, hakuuliza.

Watu walikuja kuliona banda. Wengine walitoka Wete. Walisimama kichochoroni, ambapo sasa palikuwa peupe, wakatazama paa lililokaa juu ya nguzo zake nane na upande mmoja hauna kitu, na Pijo chini yake ni kavu. Hudhaifa naye alikuja, kofia mkononi. Alizishika mbao za mshazari moja moja, akapima umbali wa nguzo kwa hatua, akaandika kwenye simu yake. Kisha akamuuliza Ngwali, kwa adabu, iwapo wiki ijayo ataweza kufika naye mahali kutazama ghala la zamani ambalo wenyewe hawataki libomolewe. Ngwali akasema atamuuliza mkewe kama ana nafasi.

Bi Kamla hakuujenga tena ukuta wa mashariki. Alisema upepo unapita vizuri. Matofali aliyapanga kando ya nyumba, akapanda mchaichai katikati yake.

Ule wa magharibi bado upo. Kila Jumatatu Ngwali huenda kuupima kwa timazi, ingawa hakuna aliyemwomba. Mwezi uliopita ulifika vidole vitatu. Akamwambia Bi Kamla.

"Utaanguka lini?"

"Mwaka huu sidhani."

"Basi nenda kamwambie Bi Zulekha," alisema Bi Kamla. "Kamba zake za kuanikia nguo ziko upande ule."

Ngwali akazunguka kwa Bi Zulekha, akabisha hodi, akaamkiana naye, akauliza hali za watoto, kisha akamwambia. Bi Zulekha akatoka naye uani, akautazama ukuta, akazitazama nguo, akaanza kuzianua.